Shajara ya Mradi: Vyanzo Hafifu vya Eksirei Vinavyodunda Polepole

Juni 2025. Tunatafuta nini

Mradi ni wa watu wawili: mimi niko Mombasa, na mwenzangu yuko Dodoma, fundi hasa wa programu. Darubini hatuna. Tunatumia data za Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa angani Julai 1999, ambazo huachiwa umma baada ya muda wa mtafiti aliyeziomba kwisha. Mafaili tunayapakua usiku, saa za bando la bei nafuu.

Swali lenyewe ni hili. Angani vimejaa vyanzo hafifu vya eksirei, na baadhi yake hung'aa na kufifia kwa mpigo usiobadilika, kuanzia dakika chache hadi saa kadhaa. Ni vitu gani? Washukiwa wakuu ni wawili. Wa kwanza ni nyota kibete nyeupe yenye sumaku kali, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Wa pili ni nyota ya nyutroni inayofanya vivyo hivyo. Kibete nyeupe ina ukubwa wa Dunia. Ya nyutroni haizidi sana kilomita 20 kutoka upande hadi upande, na bado zote mbili zina uzito wa kukaribiana na wa Jua. Gesi inaporomoka kwenye ncha za sumaku, inapata joto la kutoa eksirei, na nyota inapojizungusha doa hilo linakuja upande wetu kisha linakwenda nyuma. Mapigo tunayoyaona ndiyo hayo.

Wanaojua historia ya pwani hii watakumbuka kwamba kazi ya namna hii ilianzia majini kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani tu. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inasherehekea siku ya uhuru wake, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyogundua kwamba Centaurus X-3 inadunda kila sekunde 4.8, na Hercules X-1 kila sekunde 1.24. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 kwa mbingu nzima. Mwaka 2003 kundi la Michael Muno lilihesabu vyanzo 2,357 kwenye picha za Chandra za katikati ya galaksi yetu, eneo lisilofika hata nusu ya uso wa Mwezi mpevu. Vile vya Uhuru vilikuwa vigogo. Sisi tunashughulika na hawa wadogo.

Juni, mwishoni. Data zikoje

Anayetarajia picha atavunjika moyo. Faili la Chandra ni jedwali: kila mstari ni fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga wa eksirei, na kwa kila fotoni umeandikiwa wakati ilipofika, ilipotua kwenye kamera, na nishati yake. Chukua chanzo chenye fotoni 100 katika sekunde 40,000. Hiyo ni fotoni moja kila baada ya dakika saba hivi. Ukiutazama mstari wa nyakati kwa macho huoni mdundo wowote. Unaona fotoni, kimya kirefu, fotoni mbili zinazofuatana, kimya tena.

Dawa yake ni kukunja. Unakisia kipindi, tuseme sekunde 5,000, unaukata muda wote katika vipande vya urefu huo na kuvipanga kimoja juu ya kingine. Ukiwa umekisia vibaya fotoni zinatawanyika sawasawa. Ukipatia, zinarundikana upande mmoja. Kompyuta inarudia hivyo kwa kila kipindi kinachowezekana.

Mpaka wa chini unawekwa na kamera yenyewe. Kamera hiyo, ACIS, husoma picha yake kila sekunde 3.24, kwa hiyo chochote chenye kipindi kifupi kuliko sekunde 6 na nusu hatutakiona. Kwa mapigo ya polepole hilo halitudhuru.

Halafu kuna suala la saa. Dunia inazunguka Jua pamoja na Chandra, hivyo fotoni za chanzo kilekile zinaweza kuwahi au kuchelewa hadi dakika nane na ushei kulingana na mwezi wa mwaka. Nyakati zote zinasahihishwa ziwe za kitovu cha mfumo wa Jua kabla ya kazi yoyote kuanza.

Julai. Jaribio la kwanza: HM Cancri

Kabla ya kuipeleka programu gizani tuliijaribu kwa chanzo ambacho jibu lake linajulikana. Tukachagua HM Cancri, kwenye kundinyota la Saratani. Sikuichagua kwa sababu ni rahisi. Niliichagua kwa sababu wataalamu wenyewe waliisumbukia kwa zaidi ya miaka kumi.

Ilionekana kwanza na setilaiti ya Kijerumani ROSAT. Mwaka 1999 GianLuca Israel na wenzake walitangaza kwamba inadunda kila sekunde 321. Kwa kipindi kama hicho tafsiri ya kawaida ilikuwa tayari: kibete nyeupe yenye sumaku ya wastani, inayojizungusha kwa dakika tano na kitu huku ikizungukana na mwenzake kwa saa kadhaa. Nyota za aina hiyo zinafahamika vizuri, na wengi wangeishia hapo.

Lakini mambo hayakukaa sawa. Nyota ya namna hiyo inapaswa kuwa na vipindi viwili, kimoja cha kujizungusha na kingine cha kuzungukana na mwenzake. Hapa kipindi kilikuwa kimoja tu. Ilipotafutwa kwa darubini za kawaida ilipatikana, hafifu kabisa, nayo ikidunda kwa sekunde zilezile 321. Mwanga wake ulikuwa na alama za heliamu, wakati nyota mwenza wa kawaida angeleta haidrojeni. Na eksirei zake zilikuwa zinazimika kabisa kwa karibu nusu ya kila mzunguko. Wakatokea waliosema 321 si kujizungusha, ni nyota mbili kuzungukana. Wengine hawakukubali, maana ingemaanisha vibete vyeupe viwili vinamaliza mzunguko mzima kwa dakika 5.4. Mwaka 2010 ndipo Gijs Roelofs na wenzake, kwa darubini ya Keck huko Hawaii, walipoonyesha mistari ya heliamu ikisogea kwetu na kurudi nyuma kwa kipindi hichohicho. Ubishi ukapungua. Ni nyota jozi yenye mzunguko mfupi kuliko zote zinazojulikana, na kipindi chake kinazidi kupungua kwa milisekunde 1 na ushei kila mwaka.

Kwetu sisi, data za Chandra za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoa kilele kwenye 321 bila kubembelezwa. Mchoro uliokunjwa unapendeza: unapanda ghafla, unashuka polepole, kisha unalala karibu na sifuri mpaka zamu inayofuata. Karibu fotoni zote ziko chini ya kiloelektronivolti 1 (kipimo cha nishati ya fotoni). Angalizo kwa atakayetaka kurudia: tumieni data za zamani. Tangu darubini irushwe, kuna utando wa uchafu unaojijenga kwenye kichujio kilicho mbele ya kamera ya ACIS, nao unameza hasa fotoni za nishati ndogo. Chanzo laini kama hiki leo kingeonekana kidogo sana.

Nimeandika kirefu juu ya HM Cancri kwa makusudi. Programu yetu ilipata kipindi kwa muda wa kunywa chai. Kujua kipindi hicho ni cha nini kuliwachukua watu wenye darubini kubwa kuliko zote duniani miaka kumi na moja. Tangu hapo kila jedwali letu lina safu mbili, moja ya «kipindi» na nyingine ya «asili», na safu ya pili hairuhusiwi kujazwa kwa kutazama ya kwanza peke yake.

Agosti. Mapigo ya uongo

Ujumbe wa mwenzangu usiku wa manane:

«Kaka, nimepata 707. Kilele kirefu ajabu.»

«Kiko wapi kwenye kamera?»

«Ukingoni. Karibu na ufa.»

«Basi kitupe.»

Chandra huyumbishwa makusudi, kidogo sana, ili mwanga usikae pikseli moja muda wote. Upande mmoja myumbo unachukua sekunde 1,000, upande wa pili sekunde 707. Chanzo kilicho karibu na ufa kati ya vipande vya kamera, au karibu na mstari wa pikseli mbovu, kinaingia na kutoka kwa mdundo huohuo. Kwa hiyo 707, 1,000, nusu zake na theluthi zake zote zimepigwa alama nyekundu. Chanzo chenye kipindi halisi cha sekunde 1,000 kitaadhibiwa bila kosa, lakini hilo tunaweza kuishi nalo.

Tukianza kulinganisha na darubini nyingine kutakuwa na mtego wa pili. ROSAT ilikuwa inaizunguka Dunia kwa dakika kama 96, na Swift, setilaiti nyingine ya eksirei, ni vivyo hivyo, basi chochote kinachokaribia sekunde 5,760 kwenye data zao kinanuka. Chandra yenyewe iko kwenye njia ndefu ya takriban saa 64, ndiyo maana inaweza kukikazia macho chanzo kimoja kutwa kucha bila Dunia kukatiza mbele. Kwa mapigo ya saa mbili au tatu hakuna sifa yenye thamani kuliko hiyo.

Septemba. Bahati nasibu

Wiki hii ilikwenda kwenye hesabu za bahati. Ukipekua sekunde 40,000 kuanzia kipindi kifupi kabisa tunachoweza kuona, una vipindi 6,000 hivi vya kujaribu ambavyo havitegemeani. Ukijaribu mara 6,000, kelele tupu itakupa vilele vizuri tu.

Kipimo chetu ni cha Rayleigh, namba inayopanda kadiri fotoni zilizokunjwa zinavyorundikana upande mmoja. Ili uwezekano wa kudanganywa na kelele uwe chini ya 1 kwa 1,000, kilele lazima kipite 31. Sasa chukua chanzo cha fotoni 100. Kikidunda kwa ukamilifu, yaani kikizimika kabisa kila zamu, kitafika 50 na kupita kwa raha. Kikidunda kwa nusu ya kina hicho kitaishia 12 na pointi. Hakionekani.

Hii si habari ya kihesabu tu. Maana yake ni kwamba kati ya vyanzo hafifu tutawaona wale tu wanaozimika karibu kabisa. Kibete nyeupe yenye doa moja la moto linalojificha nyuma ya nyota itaonekana. Yenye madoa mawili, moja likitua jingine likichomoza, itatupita. Orodha yoyote ya «vyanzo vinavyodunda» imechujwa na kitu hiki kabla mtu hajaigusa. Nitashangaa nikiona makala inayohesabu asilimia za aina za nyota bila kulisema.

Oktoba. Kwenye dirisha

Tumehamia kwenye kazi yenyewe. Eneo tulilochagua liko nyuzi 1.4 kusini ya kitovu cha galaksi, upande wa kundinyota la Kausi. Kitovuni kwenyewe vumbi ni zito mno kiasi kwamba mwanga wa kawaida haupenyi. Hapa vumbi ni jembamba zaidi, ndiyo maana tunaliita dirisha: mwanga unapunguzwa kwa vipeo 3.9 vya mwangaza, sawa na kubaki sehemu moja kati ya 36. Ni kidogo, lakini darubini kubwa inaweza kufanya kazi. Chandra ilikaza macho hapa kwa jumla ya sekunde milioni moja hivi, mwaka 2005 na zaidi 2008. Kwa data hizo Mikhail Revnivtsev na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba ule ukungu wa eksirei unaoifuata galaksi yetu, karibu na mstari wa chuma (nishati ambayo chuma chenye joto kali hung'aa), kwa zaidi ya asilimia 80 si ukungu bali ni vyanzo vidogo vidogo vilivyosongamana.

Jaesub Hong na wenzake walitangaza mwaka 2012 vyanzo kumi vinavyodunda humu, vipindi kati ya saa 1.3 na 3.4. Lengo letu la kwanza ni kuvipata tena kwa programu yetu bila kuipa majibu. Vyenye fotoni nyingi vimetokea vyote. Vilivyo hafifu zaidi bado vinazunguka kwenye mstari wa kukubalika, vingine chini kidogo, na hatutaushusha mstari ili vipite.

Sasa safu ya «asili». Tunaijaza hivi.

Mwangaza. Vikiwa umbali wa kitovu cha galaksi, miaka ya nuru 26,000 hivi, kila kimoja kinatoa kwa eksirei kati ya sehemu moja ya sitini na sehemu moja ya tano ya mwanga wote wa Jua. Ni kiasi cha kawaida kwa kibete nyeupe inayokula. Nyota ya nyutroni ingetoa hicho kwa makombo tu, kwa kuwa gesi inayoangukia kitu kidogo namna ile inatoa nishati zaidi ya mara elfu moja kwa kila gramu.

Mwenzake. Nyota ya nyutroni inayodunda polepole mara nyingi ina mwenza mkubwa. X Persei ni mfano mzuri: mapigo yake yamekuwa yakisogea kati ya sekunde 835 na 837 kwa miongo kadhaa, na mwenza wake unaweza kumwona kwa darubini ndogo ya mkononi. Nyota kubwa ya daraja la B ikiwa kwenye eneo letu, hata kutoka katikati ya galaksi, ingeonekana bila shida kwenye picha za infraredi za darubini ya VISTA, Chile. Vyanzo hivi kumi havina mwenza mng'avu. Mwenza ni mdogo.

Kipindi. Saa 1.3 ni karibu kabisa na mpaka wa chini wa kuzungukana kwa kibete nyeupe na nyota ndogo ya haidrojeni. Chini ya dakika 80 hivi nyota ya haidrojeni haitoshei, mwenza lazima awe wa heliamu. Kwa hiyo vipindi hivi vinafanana na vya nyota jozi ambazo sumaku ya kibete imefunga kila kitu pamoja, mpaka kujizungusha na kuzungukana kumekuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo utamu ulipo, maana wigo, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati, haukubaliani. Zile zilizofungwa pamoja, zenye sumaku ya makumi ya mamilioni ya gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa kawaida eksirei zake ni laini zaidi, yaani za nishati ndogo. Zenye eksirei kali ni ndugu zao wa sumaku dhaifu, ambao bado wana vipindi viwili. Vyanzo vya dirishani vina vipindi vya kundi la kwanza na ukali wa kundi la pili. Hong na wenzake walipendekeza ama sumaku iliyofukiwa chini ya gesi, ama nyota zilizo njiani kutoka kundi moja kwenda jingine. Kila chanzo kwa peke yake kina fotoni chache mno kuweza kuchora mistari ya chuma. Tulipozijumlisha fotoni za vyote, uvimbe ulijitokeza karibu na kiloelektronivolti 6.7, ambapo chuma chenye joto kali hung'aa. Hilo linaunga mkono kibete nyeupe. Halitenganishi makundi mawili.

Mimi naegemea kwenye nyota zilizo njiani. Mwenzangu anasema naegemea huko kwa sababu hadithi yake ni nzuri, na hoja yake siwezi kuipuuza.

Oktoba, mwishoni. Nyutroni ziko wapi?

Kundi la GianLuca Israel, yule wa HM Cancri, kutoka vituo vya Brera na Roma nchini Italia, ndilo lililofanya kazi hii kwa upana kuliko wote. Walipitia miaka 15 ya kwanza ya Chandra, mikondo ya mwanga (rekodi za mwangaza wa chanzo kwa muda) 190,000 hivi yenye fotoni zaidi ya 50, na mwaka 2016 wakatangaza vyanzo vipya 41, vipindi kutoka sekunde 8 hadi 64,000. Juu ya sekunde 2,000 mgawanyo wake unafanana na wa vibete vyeupe. Chini ya hapo kuna upungufu: vyanzo hafifu vyenye vipindi vifupi ni vichache kuliko ilivyotarajiwa, ilhali ndivyo ambavyo programu ingevipata kwa urahisi.

Ufafanuzi wanaoupendekeza naupenda. Nyota ya nyutroni inajizungusha pamoja na sumaku yake. Gesi ikija kwa wingi inaisukuma sumaku na kupita mpaka chini. Ikija kidogo kidogo inakutana na sumaku inayozunguka kwa kasi na kutupwa nje, kama maji yaliyomwagwa kwenye panga za feni. Chanzo hakififii taratibu basi, kinafungwa. Ndiyo kusema nyota ya nyutroni yenye kasi haina hali ya kuwa hafifu na kudunda kwa wakati mmoja. Zinazobaki ni zile zilizopunguza mwendo sana, mithili ya X Persei.

Novemba. Nyongeza kwenye orodha ya washukiwa

Safu ya «asili» imeongezewa chaguo la tatu. Mwezi Mei mwaka huu ilitangazwa kwamba ASKAP J1832-0911, kitu kinachotoa mapigo ya redio kila dakika 44, kilinaswa na Chandra kikitoa eksirei kwa kipindi hichohicho. Ilikuwa bahati tu: Chandra ilikuwa inatazama kitu kingine eneo lile, Februari 2024. Ilipoangaliwa tena baada ya miezi sita eksirei zilikuwa zimetoweka. Huenda ni nyota ya nyutroni yenye sumaku kali iliyozeeka, huenda ni kibete nyeupe na mwenzake, na hakuna tafsiri inayokaa bila kubana mahali. Kwetu maana yake ni ya kazi: kila mgombea aliye kati ya dakika 10 na saa 1 atatafutwa pia kwenye ramani za redio.

Kinachoendelea sasa ni kuhesabu mizunguko. Kibete nyeupe ni vigumu kuubadilisha mwendo wake kuliko nyota ya nyutroni kwa takriban mara 100,000, na nyota zilizofungwa pamoja hazibadiliki kabisa kwa kiwango chetu. Kwa hiyo kipindi cha 2005 kikilinganishwa na cha 2008 kingesema mengi. Tatizo ni pengo. Kwa kipindi cha sekunde 5,000, miaka mitatu ni mizunguko karibu 18,900, na ili tusipotee hata mmoja lazima tukijue kipindi kwa usahihi unaozidi sekunde 0.26. Data za 2008 zimesambaa miezi kadhaa, basi zenyewe zinaweza kutufikisha huko kwa vyanzo viwili vyenye fotoni nyingi. Kwa vingine, mwenzangu anapakua data za XMM-Newton, darubini ya eksirei ya Ulaya, tuone kama eneo hili liliguswa katikati ya miaka hiyo. Kazi iko kwenye foleni, na safu ya «asili» kwa sasa inasomeka: kibete nyeupe, vyote kumi, aina, wazi.